Hitilafu Isiyo na Anwani

HITILAFU: THAMANI TUPU. KAZI IMESITISHWA.

Maneno matano. Bi Chapa aliyasoma mara ya nne, akaegemea kiti, akakumbuka kuwa kiti chenyewe hakina mkono wa kushoto, akajirudi upesi kabla hajaenda chini.

Faili gani? Haikusema. Mstari wa ngapi? Haikusema. Ilikuwa kama mtu apige simu polisi, aseme "kuna maiti," kisha akate.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Chini ya dirisha foleni ya ndoo ilianzia langoni mwa mamlaka ya maji, ikapita ukuta mzima, ikakunja kona kwenye duka la matairi. Ilikuwa siku ya tatu. Kila alfajiri programu ya kompyuta kuu ilitakiwa isome fomu za geji za presha ya maji zilizojazwa na mafundi, ipige hesabu kila vali ifunguliwe kiasi gani, halafu izifungue zote sitini na mbili kwa mpigo. Tangu Jumamosi ilikuwa inakufa njiani, na hakuna vali hata moja iliyofunguka. Mafundi walizunguka na spana wakifungua kwa mkono, mtaa huu leo, mtaa ule kesho, na wodi ya wazazi ikachotewa maji kwa madumu.

Mkurugenzi alikuwa amempa Bi Chapa kazi hiyo Jumamosi, akiwa amesimama, kwa sababu wakubwa wa pale hawakai kwenye viti vya chumba cha kompyuta. Huenda wanaviogopa.

"Nataka jina," alisema. "Jumatatu saa nane mchana kikao kinaanza. Ukiniletea jina, mwenye jina anabeba vitu vyake. Usiponiletea, anabeba wifi yako, maana yeye ndiye mkuu wa kitengo. Funguo zake za kompyuta nimeshazichukua."

"Na kosa lenyewe, mkurugenzi?"

"Tukimpata mtu, tumelipata kosa."

Hayo yalisemwa na mtu aliyekabidhiwa maji ya mji mzima, na yasisahauliwe.

Ndivyo walivyozoea. Katika ofisi ile kila faili la programu lilibeba jina la utani la aliyeliandika. Faili la BABU lilisoma fomu. Babu mwenyewe alishastaafu. Faili la CHAPA, lenye mistari elfu moja na mia nne, lilipiga hesabu. Faili la SHAHADA, mistari mia mbili tu, lilichora ramani kwenye skrini na kufungua vali. Zamani programu ikianguka ilitaja faili na mstari, kwa hiyo ilitaja mtu, na kila Jumatatu karani wa kikao alisimama akasoma majina hayo kwa sauti mbele ya idara zote. Wakubwa hawakuwahi kusomwa. Kumbuka kwamba wakubwa hawakuwahi kuandika faili.

Bi Chapa alikuwa ameingia pale kama mpiga chapa, akajifunza programu kwenye kitabu kisicho na jalada, saa za chakula, bila mwalimu. Jina lake halikuwa limesomwa kikaoni kwa miaka saba. Alilisema hilo kwenye harusi, kwenye misiba, na kwa mama mkwe kila alipopata nafasi. Miaka saba! Hata hivyo kiti cha ukuu kilipokuwa wazi kilikwenda kwa dada wa mumewe, yule wa chuo kikuu, yule ambaye Bi Chapa mwenyewe ndiye aliyembandika jina la Bi Shahada kwa kejeli, na mwenye jina akalipenda. Huo ndio uliokuwa ubaya wake mkubwa: humtukani akatukanika.

Basi kumtafuta mshukiwa hakukumchukua muda. Alifungua daftari la mabadiliko, mahali ambapo kompyuta huandika nani amegusa faili lipi na lini. Kwa wiki ile kulikuwa na badiliko moja tu. Ijumaa, saa kumi jioni, faili la SHAHADA, mkono wa Bi Shahada.

Bi Chapa aliichapa karatasi hiyo ya ushahidi nakala mbili. Moja ilitosha.

*

Ofisi ya mkuu wa kitengo ilikuwa na pazia, kipoza hewa, na kiti cha ngozi chenye mikono miwili. Bi Chapa alivihesabu vyote tena, kama alivyovihesabu kila alipoingia. Wifi yake alikuwa anapanga vitu kwenye boksi la karatasi: kikombe, kamusi, kandambili.

"Karibu, wifi," alisema Bi Shahada bila kuinua kichwa. "Umekuja kunipima ukubwa wa boksi?"

"Nimekuja na maswali."

"Kaka yangu ameamkaje?"

"Ameamka akaitazama picha yako ya joho pale sebuleni, kama kawaida yake. Ya harusi yetu iko nyuma ya mlango. Ijumaa saa kumi jioni uligusa faili lako."

"Niligusa."

"Ulibadilisha nini?"

"Rangi."

"Rangi?"

"Vali ikifunguka ilikuwa inaonyesha kijani. Koleo macho yake hayatofautishi kijani na nyekundu, alikuwa anakwenda kufungua zilizokwisha funguka. Nikaweka bluu."

"Na Jumamosi mji mzima ukakauka."

"Kwa sababu ya bluu, wifi?"

"Sijasema kwa sababu ya nini. Nauliza tu." Bi Chapa aliweka karatasi nyingine mezani, yenye yale maneno matano. "Na huu ujumbe? Zamani ulikuwa unataja mahali. Nani ameuchuna?"

Kwa mara ya kwanza Bi Shahada aliacha kupanga. Aliangalia dirishani, kwenye foleni ya ndoo, akakaa hivyo muda wa kutosha kwa mtu kutunga uongo, kisha hakuutunga.

"Tafuta kosa. Ujumbe achana nao."

"Mimi ndiye ninayeuliza leo."

"Basi andika kwamba nimekataa kujibu. Andika kwa wino mwekundu, kalamu unayo."

Bi Chapa aliandika. Kwa wino mwekundu.

*

Mlangoni alikutana na Koleo, fundi mkuu wa vali, ameloa mpaka magotini, spana begani.

"Bi Chapa, mkono wangu unakaribia kung'oka. Hiyo mashine inapona lini?"

"Ikipona utaambiwa. Fomu zako za Ijumaa zilikuwa sawa?"

"Sawasawa kabisa. Nilijaza kila kisanduku chenye kitu cha kujaza."

"Vizuri." Hakumsikiliza vizuri. Alikuwa na haraka ya kumaliza na mshukiwa aliyempenda.

Kumaliza kwenyewe kulikuwa rahisi. Kompyuta ilitunza faili la SHAHADA kama lilivyokuwa Alhamisi. Aliirudisha nakala hiyo, rangi ya kijani na yote, akaiendesha programu katika hali ya majaribio, ile ambayo haigusi vali za kweli. Akasubiri huku amekunja mikono.

HITILAFU: THAMANI TUPU. KAZI IMESITISHWA.

Mpelelezi mwingine angeshukuru kupunguza mshukiwa mmoja. Bi Chapa alipiga meza mpaka kibodi ikaruka. Badiliko la pekee la wiki nzima lilikuwa halina hatia. Maana yake programu ilikuwa ileile iliyofanya kazi Alhamisi. Kilichobadilika ni kilichoingia ndani yake, na mahali kilipoingia palifichwa.

Saa ilikuwa nne na nusu.

Alitumia njia aliyojifunza kwenye kile kitabu kisicho na jalada. Programu isipotaka kusema ilipoanguka, unaipangia mashahidi njiani: mistari midogo yenye kazi moja tu, kuandika kwenye skrini "nimepita hapa." Shahidi wa mwisho kusema ndiye aliyemwona marehemu akiwa hai. Kisha unakata kipande kilichobaki katikati, unaweka shahidi mwingine, unakata tena.

Shahidi wa kwanza alimweka mwisho wa BABU. Wa pili mwanzo wa SHAHADA. Akaendesha.

Wa kwanza alisema. Wa pili alinyamaza.

Kati yao kulikuwa na faili moja tu.

"Nimemweka vibaya," alisema peke yake. Akamwondoa shahidi, akamwandika upya herufi kwa herufi, akaendesha. Kimya kilekile. Akazima kompyuta akaiwasha. Kimya.

Aliinuka, akafunga mlango kwa ufunguo, akarudi kwenye kiti chake kibovu, akafungua faili la CHAPA. Miaka mingi hakuwa amelifungua. La nini? Lilikuwa linafanya kazi.

Shahidi mstari wa mia saba: kimya. Mia tatu na hamsini: kimya. Mia moja na sabini na tano: "nimepita hapa." Basi marehemu alianguka kati ya mia moja na sabini na tano na mia tatu na hamsini. Akapandisha ukurasa atazame kipande hicho kinaanzia wapi, na hapo juu kabisa ya faili akaona kitu.

Mistari sita. Hakuiandika yeye.

Aliijua kwa nafasi. Bi Chapa akianza mstari wa ndani huacha nafasi mbili, kwa sababu kitabu chake kiliandikwa hivyo. Hapa kuliachwa nne. Nafasi nne ni mkono wa chuo kikuu. Na mistari yenyewe ilikuwa kifuniko, kimezungushiwa faili lote: likitokea kosa lolote humu ndani, meza jina la faili, meza mstari, kisha sema tu aina ya hitilafu na kwamba kazi imesitishwa.

"Nimekupata, wifi," alisema.

Alilifungua tena daftari la mabadiliko, sasa akalirudisha nyuma mwaka baada ya mwaka mpaka akafika siku kifuniko kilipowekwa. Mkono: Bi Shahada. Tarehe alipoiona, aliiacha kalamu.

Siku ile aliijua. Mtu aliyeaibishwa huhifadhi tarehe. Ilikuwa Jumatatu ya miaka saba iliyopita, ametoka uzazi, mtoto ana miezi minne na usiku halali. Karani alisimama akasoma: Chapa, Chapa, Chapa. Mara kumi na moja. Ukumbi ulicheka kuanzia ya sita. Mkurugenzi alisema akisikia jina hilo mara moja tena, mwenye jina asirudi. Na halikusikika tena. Wiki iliyofuata halikusomwa, wala mwezi uliofuata, wala mwaka. Bi Chapa alijiambia kwamba amekomaa.

Kifuniko kiliwekwa siku hiyohiyo, saa kumi na mbili jioni.

Chini ya tarehe hiyo daftari liliendelea. Faili la CHAPA, limerekebishwa na Bi Shahada. Faili la CHAPA, limerekebishwa na Bi Shahada. Alianza kuhesabu kwa kalamu nyekundu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi. Makosa arobaini na matatu katika miaka saba, kila moja halina mahali, kila moja limetafutwa na mtu aliyelazimika kupanga mashahidi kama alivyopanga yeye leo, mstari kwa mstari, kisha akalifunga kimya. La arobaini na nne lilikuja siku ambayo mtu huyo amenyang'anywa funguo.

Bi Chapa aliifuta mistari sita. Akaendesha.

HITILAFU. FAILI: CHAPA. MSTARI: 212. THAMANI TUPU: PRESHA YA VALI 9.

*

Mstari wa 212 ulichukua presha kutoka kwenye fomu na kuigawanya bila kuuliza kwanza kama ipo. Fomu ya vali namba tisa, Ijumaa, kisanduku cha presha kilikuwa cheupe.

Alimkuta Koleo nyuma ya stoo anakamua soksi.

"Vali tisa hukujaza."

"Ningejaza nini? Haina geji."

"Haina geji tangu lini?"

"Ijumaa asubuhi. Ilifunguliwa ikaondoka."

"Asubuhi nimekuuliza kama fomu ziko sawa!"

"Nami nikakujibu. Nilijaza kila kisanduku chenye kitu cha kujaza. Ulikuwa unakimbia, mama, kama umeacha chungu motoni."

"Nani aliichukua?"

Koleo aliingiza mkono mfuko wa ndani, pale watu wa kazi za mikono wanapoweka vitu vitakavyowaokoa siku moja, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mimi bila karatasi hata msumari sitoi. Soma. Iende ikafungwe kwenye tangi la nyumbani kwake, ya kwake imeharibika."

Bi Chapa alisoma mpaka kwenye sahihi. Akaisoma sahihi mara mbili.

"Unaniazima hii?"

"Nakuazima. Ukiipoteza, mimi sikujui."

Saa sita na nusu aliongeza mistari mitatu juu ya 212, nafasi mbili kila mmoja: kama geji haipo, tumia presha ya mwisho iliyojazwa. Akairudisha rangi ya bluu. Kisha akaiendesha kweli, si majaribio. Kwenye skrini vali ziliwaka bluu moja moja, kisha kumi kumi, zote sitini na mbili. Chini ya dirisha mtu alipiga kelele, na foleni ikaanza kuvunjika kutoka mwisho, kule kwenye duka la matairi.

Ilibaki ripoti. Kisanduku kimoja: JINA LA MHUSIKA.

Hakuna aliyejua. Mistari sita ikirudishwa mahali pake, ujumbe unarudi kuwa bubu, na badiliko la Ijumaa lipo kwenye daftari, nakala mbili. Kiti cha ngozi kingekuwa wazi kabla ya saa tisa. Aliandika S. Akaandika H. Akaandika A. Akakaa akizitazama hizo herufi tatu mpaka saa ya ukutani ikagonga saba.

*

Kikao kilijaa. Bi Shahada alikaa karibu na mlango, boksi mapajani, kandambili zikichungulia.

"Jina," alisema mkurugenzi.

Bi Chapa alisimama. "Hitilafu. Faili: Chapa. Mstari wa mia mbili na kumi na mbili. Halikukagua kisanduku kitupu."

Nyuma mtu alicheka. Kuna watu hawazeeki. Karani aliandika. Bi Shahada alikuwa ameinuka nusu, boksi likamponyoka, kikombe kikagonga sakafu.

"Wewe mwenyewe?" Mkurugenzi hakuficha furaha; alikuwa amejiandaa kwa mtu mmoja akapata mwingine, kwake hesabu ilikuwa ileile. "Na miaka yako saba?"

"Haikuwa yangu."

"Basi tumempata. Beba vitu vyako."

"Bado, mkurugenzi. Mstari wangu ulianguka juu ya kitu. Uliuliza jina, nami nimekuletea mawili." Akaikunjua karatasi ya Koleo, akaisoma kwa sauti ileile aliyosomewa yeye mara kumi na moja. "Geji ya vali namba tisa ifunguliwe leo Ijumaa, ipelekwe nyumbani kwangu, ifungwe kwenye tangi langu. Kwa amri." Akalisoma jina lililofuata, na cheo chake, polepole, ili karani asiruke herufi.

Hapakuwa na aliyecheka safari hii. Mkurugenzi alimgeukia karani.

"Hilo usiandike."

"Nimeshaandika," alisema karani, akaandika pia kwamba ameambiwa asiandike.

Kikao kiliahirishwa. Mkurugenzi alitoka kwa mlango wa pembeni, bila jalada lake.

*

Ukumbini, Bi Shahada alikuwa amechuchumaa anaokota vigae vya kikombe.

"Kwa nini umekitoa kifuniko?"

"Kwa nini ulikiweka?"

"Ulikuwa na mtoto wa miezi minne."

"Sikukuomba."

"Hukuniomba."

"Mara arobaini na tatu, wifi! Umeingia ndani ya faili langu mara arobaini na tatu, ukafagia, ukatoka, mimi huku najisifu misibani. Na ulikuwa unanisikiliza!"

"Ulikuwa unajisifu vizuri."

Bi Chapa alimtazama. Picha ya joho alikuwa ameizoea. Kiti cha ngozi, pazia, kipoza hewa, mama mkwe, vyote alikuwa na mahali pa kuviweka. Hiki kipya hakujua akiweke wapi. Hata kwenye wema mwanamke huyu alikuwa ametangulia kufika, akakalia nafasi nzuri, akanyamaza nayo miaka saba.

Alilinyakua boksi miguuni pa wifi yake, akatangulia nalo mpaka ofisi ya mkuu wa kitengo, akaipanga kamusi mahali pake, kandambili chini ya meza. Kisha akakishika kile kiti cha ngozi kwa mikono yake yote miwili, akaanza kukivuta kuelekea mlangoni.

"Hiki nakichukua."

"Chukua tu, wifi."

Bi Chapa alisimama, macho yamemjaa maji ya hasira.

"Usiniambie chukua! Shika huko nyuma. Kataa kidogo basi, nikunyang'anye."

Bi Shahada alimwangalia, akaviweka vigae vya kikombe juu ya meza, akapangusa mikono kwenye sketi. Kisha akaushika mgongo wa kiti na kuvuta kwa nguvu zake zote.